Igogo: Hukumu Haisimami Bila Kipimo



Ndugu msomaji, mtu afikaye Mwanza kwa mara ya kwanza hustaajabia mawe. Majabali yamepanda juu ya majabali. Mengine yamekaa ukingoni mwa ziwa kama ndovu walioshuka kunywa maji, na mengine yamesimama katikati ya nyumba za watu, hata utamkuta mtu ukuta mmoja wa jiko lake ni jiwe ambalo hakulijenga yeye wala babu yake. Igogo ni mahali pa namna hiyo. Iko kusini ya katikati ya mji, katika njia iendayo Mkuyuni, Butimba na Nyegezi. Mgongo wake ni mlima wa mawe, na uso wake ni Ziwa Viktoria. Nyumba zimepanda mlimani moja juu ya nyingine, na njia nyingi huko ni za miguu tu. Chini hupita reli, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928, na baada ya reli ni bandari, mitumbwi na maji.

Katika vibaraza vya mahali hapa husikika sana neno moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Husemwa kwamba elimu ni mbili, ya dini na ya dunia, na kwamba mtoto hana budi kuchagua moja. Mzazi mmoja humtoa mwanawe chuoni kabla hajahitimu, kwa kuwa mitihani ya skuli imekaribia. Mwingine husema kuwa maadamu mtoto anasoma Kurani, hesabu za nini? Na wa tatu huona zote mbili ni kupoteza wakati, akampeleka kijana mwaloni akavute nyavu. Basi namwomba msomaji tushuke pamoja, kutoka juu ya majabali ya Igogo hadi ukingoni mwa ziwa. Si safari ndefu, lakini ndani yake tutakuta sheria, elimu ya falaki, hisabati, na uchumi wa mazingira, na tutazame wenyewe kama elimu hizo zinaweza kutengana.

JUU YA MLIMA

Tuanze juu, ambako macho hayazuiliwi na kitu. Upande wa magharibi iko Ghuba ya Mwanza, na ndiko jua linakotua. Sheria ya dini yetu imefunga ibada na mwendo wa jua hilo: sala tano zina nyakati zake, na mwenye kufunga haruhusiwi kufuturu mpaka jua litue. Hiyo ndiyo hukumu. Lakini je, jua limetua wapi? Limetua kwa nani?

Kila Ramadhani wako watu wa bara wanaofungua redio, wakasikia adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam, wakanyosha mkono kwenye tende. Tuhesabu. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye digrii 39 na ushei mashariki ya Greenwich, nasi wa Mwanza tuko karibu na digrii 33. Tofauti yetu ni digrii 6 na ushei. Zidisha kwa 4, utapata kama dakika 25. Hizo huongezeka au kupungua kwa dakika chache kufuata misimu, lakini haziondoki. Kwa hiyo adhana ile inapolia, jua la Igogo bado liko juu ya ghuba, na mtu amekula mchana. Amefunga tangu alfajiri kwa njaa na kiu ya kweli, kisha akaiharibu funga yake kwa kukosa kuzidisha 6 kwa 4.

Na Adhuhuri ni vivyo hivyo. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa digrii 45, ambao uko mbali mashariki yetu. Kwa sababu hiyo jua halifiki kati ya mbingu ya Mwanza saa sita kamili. Kwa wastani hufika yapata saa 6 na dakika 48.

Ama kibla, napo pana jambo. Aliyezaliwa Dar es Salaam au Unguja amezoea kuelekea karibu kaskazini tupu, kwa kuwa Makka iko juu yake moja kwa moja. Akija Mwanza na mazoea yale, atakuwa amepotoka, kwa kuwa kibla chetu kimeinama kama digrii 15 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Na Mwenyezi Mungu ametupa alama isiyohitaji chombo chochote. Mara mbili kwa mwaka jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Simika kijiti wima mahali palipo sawa, na saa hiyo itazame kivuli chake. Kibla ni upande wa pili wa kivuli, yaani kutoka nchani mwa kivuli kurudi kwenye kijiti. Mtoto wa chuo aweza kufanya hivyo, na akipata kosa katika chumba cha kusalia cha nyumbani kwao, ataweza kumwonyesha baba yake kwa adabu na kwa ushahidi.

Wazee wetu wa kale hawakuyaona mambo haya kuwa ya kidunia. Abu Rayhan al-Biruni alitunga kitabu kizima, alichokimaliza mwaka 1025, juu ya kupima mahali pa miji, na moja katika makusudio yake ilikuwa kukijua kibla cha mji wa Ghazna. Na Damascus, katika karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa mshika nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya, na huyo huyo ni mmoja wa mabingwa wakubwa wa falaki waliopata kutokea ulimwenguni.

KATIKATI YA NYUMBA

Tushuke sasa, tuingie kati ya nyumba. Hapa hukumu nzito kuliko zote ni ile ya mirathi, kwa kuwa huja siku watu wanapolia, na mara nyingi huamuliwa na aliye na sauti kubwa. Mvuvi amekufa, ameacha mtumbwi, mashine, nyavu na nyumba ya vyumba vitatu. Kaka wa marehemu asema mali ya baharini ni ya wanaume. Mjane hajui afanye nini. Binti haulizwi.

Kumbe Mwenyezi Mungu hakuliacha jambo hili kwa sauti kubwa. Katika Suratin Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, mafungu yametajwa kwa nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Basi tufanye kwamba marehemu ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na kwamba baada ya gharama za maziko, madeni na wasia imebaki shilingi 12,000,000. Mke hupata thumni, na mama hupata sudusi. Thumni na sudusi hukutana katika 24: mke mafungu 3, mama mafungu 4, yamebaki 17 kwa watoto. Watoto ni mafungu 5, kwa kuwa kila mwana ana mawili na binti ana moja; na 17 haigawanyiki kwa 5. Ndipo hesabu huzidishwa kwa 5 ikawa 120. Mke ana 15, mama ana 20, kila mwana ana 34, na binti ana 17. Yajumlishe: ni 120 kamili. Kwa fedha, mke hupewa 1,500,000, mama 2,000,000, kila mwana 3,400,000, na binti 1,700,000. Na yule kaka, pamoja na sauti yake, hana hata senti, kwa sababu wapo wana wa kiume wa marehemu.

Msomaji ataona kwamba hapa sheria na hisabati hazikukutana kwa bahati. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyetunga kitabu ambacho jina lake ndilo lililoupa ulimwengu neno aljebra. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masala ya wasia na mirathi. Elimu ambayo leo vijana wetu huikimbia darasani ilikuzwa, pamoja na mambo mengine, ili haki ya mjane na binti isipotee. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu hisabati pamoja na utabibu katika faradhi za kifaya: wasipopatikana wa kuijua, mji mzima una dhambi.

Mahakama za Mwanzo za Tanzania husikiliza mirathi ya Waislamu kwa sheria ya Kiislamu. Lakini hakimu huamua juu ya alicholetewa. Ikiwa katika ukoo hakuna hata mmoja awezaye kuyaandika mafungu yale, na kuorodhesha mali na madeni, mlango wa haki uko wazi na hapana aingiaye.

MWALONI

Tukishuka zaidi twafika penye samaki. Wazee wa kando ya ziwa hili wanakumbuka samaki wadogo waitwao furu. Walikuwa wengi kupita kiasi, na aina zake katika ziwa zima zilikuwa mia kadha. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Tanzania, walianza kuwachunguza furu wa Ghuba hii ya Mwanza, aina kwa aina. Hawakujua kwamba walikuwa wanaandika kumbukumbu za watu walio katika kufa. Sangara alikuwa ameletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ili wavuvi wapate samaki mkubwa. Katika miaka ya 1980 alizidi ghafula, na mbele ya macho ya watafiti wale furu wakatoweka, aina baada ya aina; inakisiwa kuwa aina kama 200 zilipotea. Lau si daftari zao, leo tungalibishana kama samaki wale waliwahi kuwako.

Sangara akaleta fedha. Viwanda vya minofu vikajengwa, minofu ikasafirishwa hata Ulaya, na mapanki, yaani mifupa na vichwa, vikawa kitoweo cha maskini. Sasa sangara naye apungua, na sheria ya uvuvi inakataza kumvua aliye chini ya sentimita 50, kama inavyokataza kokoro linalozoa hata vitoto. Vijana wa mwaloni hunung'unika: ofisa mwenye rula amewanyima riziki. Basi nawauliza: sentimita hizo zimetoka wapi? Zimetoka kwa watu waliowapasua samaki na kuwatazama, wakajua ni kwa urefu gani sangara huanza kuwa na uwezo wa kuzaa.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi. Samaki hakui kwa urefu tu, hukua na kwa upana na kwa kimo. Urefu ukizidi mara mbili, uzito huzidi kama mara nane. Sangara wa sentimita 30 akiachwa mpaka afike 60, mmoja wake huwa na uzito wa wanane wa zamani. Ni kweli kwamba si wote wanane wangesalimika. Lakini hata wakisalimika wawili, faida imekuwa mara mbili, na wamekwisha kuzaa.

Kama ni hivyo, mbona mvuvi hamwachi? Je, ni mjinga? La, hasha. Anajua kwamba akimwacha leo, jirani atamvua kesho. Jambo hili ndilo lililoelezwa na mwanauchumi wa Kanada, Scott Gordon, mwaka 1954: mali ya maji isiyo na msimamizi huvuliwa mpaka faida ya wote iishe, hata kama kila mtu ana akili timamu. Na mwaka 2009 mama mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuonyesha kwamba wanakijiji wenyewe waweza kuilinda mali yao ya pamoja, wakiwa na mipaka iliyo wazi, kanuni walizoafikiana, na macho ya kuangaliana. Ndiyo maana katika mialo yetu viko vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Nasi Waislamu hatulisikii jambo hili kama geni. Mtume Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kuwa maji ni ya ushirika, na kwamba mtu asidhuru wala kulipiza madhara kwa madhara. Anayezoa vitoto vya samaki usiku amewadhuru washirika wake, na mshirika wa kwanza anayedhurika ni mwanawe mwenyewe.

UKINGONI MWA MAJI

Hatua chache tena, na miguu yagusa maji. Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, kwa sababu hapa elimu zote nne zimefungwa katika fundo moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Ni hukumu fupi na wazi. Mtu huchukua kamba, akapima mita 60, akajenga. Lakini ukingo wa ziwa uko wapi?

Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba kama 68,800, na sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe. Mvua kubwa za mwaka 1961 zilipokuja, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 hadi kufika mwaka 1964. Mwaka 2006 lilishuka sana, wavuvi wakatembea juu ya matope palipokuwa na maji. Mei 2020 likarudi kwenye kimo cha mwaka 1964, na Mei 2024 likakipita. Kati ya kushuka kule na kupanda huku pana karibu mita 3.

Sasa tufanye hesabu ya mtoto wa skuli. Chukua ufuko ulioinama kwa kiasi hiki: kila ukipanda mita 1 umekwenda mita 20. Maji yakipanda mita 3 yatakuwa yamekwenda mita 60. Yaani aliyepima kamba yake mwaka 2006, akajenga kwa kutii sheria, aliamka mwaka 2024 na maji yamefika kizingitini. Hakuvunja sheria, wala ziwa halikumwonea. Alipima umbali akasahau kupima kimo. Na tumeona katika miaka ile, pande nyingi za ziwa hili, familia zikihamisha vitanda na watoto, vyoo vikifurika ndani ya maji ambayo watu huchota.

Tena jambo halikuishia kwetu. Mlango wa ziwa uko Jinja, Uganda, unakoanzia Mto Naili. Bwawa lilipomalizwa pale mwaka 1954, ilikubaliwa kati ya Uingereza na Misri kwamba maji yatolewe kwa kiasi kile kile ambacho mto ungetoa wenyewe kwa kimo cha ziwa cha wakati huo. Na kiasi hicho kiliandikwa kwa mstari wa hesabu. Katika miaka iliyotangulia 2006 maji yalitolewa kupita mstari ule ili kupata umeme, na ukame nao ukazidisha. Sentimita moja tu ya ziwa hili ni mita za ujazo milioni 688. Basi fikiri, msomaji: ukingo wa kiwanja cha mtu wa Igogo wategemea mvua, mkataba, bwawa lililoko nchi nyingine, na mstari uliochorwa na wenye hisabati. Mwanasheria asiyejua kusoma mstari huo hawezi kumtetea, na mwenye hesabu asiyejua mkataba hawezi kumshauri.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Wala elimu hizi hazikai mbali. Tukiifuata njia ile ile ya kusini tutafika Nyegezi, ambako kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, cha Wakatoliki, kinachofundisha sheria. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo chake hapa Mwanza. Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Waislamu. Hekima haiulizwi kabila, na mwanafunzi mwenye msingi mzuri wa dini haogopi darasa lolote.

Wazee wangu, msiwatenganishie watoto vitu ambavyo Mwenyezi Mungu ameviunganisha. Mtoto akitoka chuoni muulize pia hesabu zake, na akitoka skuli muulize aya zake. Msiwaache mabinti nyuma, kwa kuwa wao ndio wanaodhulumiwa mafungu yao, na wao ndio watakaojua kuyadai. Aliye na mali, hata mtumbwi mmoja, aandike madeni yake na wasia wake akiwa hai. Anayenunua kiwanja karibu na maji, kabla hajatoa fedha, amtafute mpima ardhi, na awaulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1964, na majirani yalifika wapi mwaka 2024.

Nanyi vijana mnaovuta nyavu, sikuambieni kuwa kazi yenu ni duni, kwa kuwa riziki ya halali haina uduni. Nawaambia mjue kilicho ndani ya wavu, na ndani ya sheria, na ndani ya saa mnayofuturia. Na mwezi Mei ujapo, simikeni kijiti kimoja juu ya mlima, mhakikishe wenyewe kwa macho yenu kibla cha Igogo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi walio majini na walio ukingoni mwa maji, na awape wajane na mayatima haki zao. Amin.